Mashine ya miaka kumi: shajara ya kuchagua vifaa

Siku ya 1

Kompyuta yangu ya kuchezea magemu imezima tena. Haikuganda, haikutoa kioo cha bluu wala ujumbe wowote. Imezima pu, kama mtu kachomoa waya ukutani, kisha ikajiwasha yenyewe kana kwamba haijafanya kosa. Ni mara ya tatu wiki hii, na kila mara inachagua wakati uleule: gemu linapomaliza kupakia na kadi ya michoro inapoanza kazi ya kweli.

Jioni nimeazima pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, nikaifunga, nikacheza saa tatu mfululizo. Haikuzima. Basi ugonjwa umejulikana. Ningeweza kununua pawa saplai tu na mambo yakaisha, ila nimeuangalia huu mtambo vizuri nikaona uzee umeuzunguka pande zote. Prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i5-4670 ya mwaka 2013, yenye kori 4 za kufanyia kazi. Kadi ni GTX 970 ya 2014, yenye GB 4. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina prosesa hii kwenye orodha yake. Oktoba hiyohiyo Nvidia, watengenezaji wake, ikafunga draiva mpya za gemu (programu za kuendesha kadi) kwa kizazi cha kadi yangu, ikabakiza marekebisho ya usalama tu. Magemu nayo yameanza kufunga mlango: Doom: The Dark Ages ya 2025 haichezeki kwenye kadi isiyoweza kufuatilia miale ya mwanga, na yangu haiwezi.

Mradi umeanza leo. Sharti ni moja: mashine mpya ikae miaka kumi au zaidi, kama hii ilivyokaa.

Siku ya 3

Sijatazama kifaa hata kimoja kipya. Nimekaa na mzee huyu mezani, kifuniko kimefunguliwa, nikijiuliza alidumu kwa sababu gani.

Jibu la haraka ni kwamba nilinunua prosesa nzuri. Si kweli. Ile prosesa imekaa kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mwaka 2017, nilipoanza kuona fremu, yaani picha zinazofuatana kwenye kioo, zinakwama kwenye magemu ya kujenga miji, nilitafuta prosesa kubwa zaidi ya kuweka palepale. Soketi ya LGA1150, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama, ilikuwa haitolewi prosesa mpya tena. Intel ilihamia LGA1151 tangu 2015. Kikubwa ambacho ningeweza kukichomeka ni i7-4790K, na hiyo nayo ni kori 4 zilezile, zimeongezewa kasi kidogo na nyuzi, yaani kila kori hushika kazi mbili kwa pamoja. Ili nipate zaidi ningebadilisha prosesa, ubao mama unaobeba vipande vyote, na RAM (kumbukumbu ya muda) kwa pamoja, yaani kompyuta mpya ndani ya kasha la zamani. Nikaacha.

Vilivyoifanya idumu ni vitu vidogo. Kadi niliibadilisha mara moja. RAM nikaiongeza. SSD nikaipachika mahali ambapo zamani palikuwa na diski ya kuzunguka, na siku ile ilikuwa kama nimeibadilisha mashine nzima. Feni mbili zilianza kukoroma, nikaweka nyingine. Kila kilichokufa kilitoka kwa bisibisi moja kikaingia kingine.

Kwenye daftari nimechora safu mbili. Moja nimeiita "wenyeji": kasha, pawa saplai, ubao mama. Nyingine "wageni": prosesa, kadi, SSD, feni. RAM nimeiweka katikati ya mstari, haijaamua. Wenyeji watakaa miaka yote kumi, kwa hiyo ubora uanzie kwao. Wageni waje wakiwa wa kiasi, wakichoka waondoke. Mwaka 2013 nilifanya kinyume kabisa: nilimaliza hela kwenye kadi, halafu pawa saplai nikainunua kwa chenji.

Siku ya 4

Nimekata jina la kwanza. Juu ya karatasi nilikuwa nimeandika Ryzen 7 9800X3D kwa wino, tena nimepiga mstari chini yake mara mbili. Ni prosesa ya Novemba 2024, kori 8, kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 96, na kwa gemu ilipotoka haikuwa na mpinzani. Nimeitamani. Lakini nimejiuliza swali la daftari: huyu ni mwenyeji au mgeni? Ni mgeni. Kwa nini basi nimpe chumba kikubwa siku ya kwanza?

Kilichonibadilisha ni historia ya soketi ya AM4. Prosesa za kwanza za Ryzen ziliingia humo mwaka 2017. Mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka huo, akawa na ubao mama wa heshima, aliweza mwaka 2022 kusasisha bayosi (programu inayoiamsha kompyuta) na kuchomeka Ryzen 7 5800X3D palepale, bila kugusa RAM, bila kufungua pawa saplai. Ni miaka mitano kutoka prosesa ya kawaida hadi ile iliyokuwa miongoni mwa bora kabisa kwa gemu, kwa kubadilisha kipande kimoja kinachoenea kiganjani.

Soketi iliyofuata, AM5, ilianza 2022, na AMD, watengenezaji wa Ryzen, imesema itaendelea kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Kwa hiyo mpango ni huu: nianze na Ryzen 5 7600, kori 6, nyuzi 12, wati 65 kwenye karatasi. Baada ya miaka minne au mitano, soketi ikiwa inaelekea ukingoni, nitafute X3D (Ryzen yenye kashe kubwa) ya mwisho iliyotengenezwa kwa ajili yake na niipachike. Wakati huo 7600 itauzwa au itapewa mtu.

Faida nyingine ambayo sikuitegemea: 7600 ina michoro ya ndani. Ni dhaifu, haifai kuchezea, ila kadi ikifa usiku wa manane bado utapata picha kwenye kioo na kujua tatizo liko wapi. Kwa mashine inayotakiwa kudumu, huko ni kama kuwa na tairi la akiba.

Siku ya 8

Ubao mama. Siku nne nimezimaliza hapa, na sijuti.

Nilianza kwa kutafuta wenye taa na mabati ya kung'aa, nikajikamata. Nikaandika mambo ambayo yatanihusu mwaka wa saba. La kwanza ni sehemu inayoshusha volti 12 kutoka pawa saplai hadi volti moja na kitu inayotumiwa na prosesa. 7600 haitaichosha hata kidogo, lakini X3D ya baadaye inaweza kuwa na hamu kubwa zaidi, na vipande hivi vikiishi katika joto kali huzeeka haraka. Kwa hiyo nimetaka vyenye vipoza-joto vinene vilivyokazwa kwa skrubu, si kibati cha urembo kilichobandikwa kwa gundi.

La pili ni kitufe cha nyuma cha kusasisha bayosi kutoka kwenye flashi bila prosesa wala RAM kuwemo. Anayepanga kuweka prosesa ambayo bado haijazaliwa hawezi kukidharau kitufe hiki.

La tatu watu wengi hawalitazami: ukubwa wa chipu inayotunza bayosi. Kwenye AM4, mbao nyingi za mwanzo zilikuwa na chipu ya megabaiti 16, na prosesa zilivyozidi kuongezeka nafasi ikaisha. Watengenezaji wengine wakalazimika kuondoa picha na menyu nzuri za bayosi, wengine wakafuta uwezo wa kutambua prosesa za zamani, ili tu mpya zienee. Ubao mzima, mzito, wenye shaba na kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za kudumu, unakwamishwa na chipu ndogo kuliko ukucha. Mbao nyingine mpya za AM5 zinakuja na megabaiti 64. Nimechukua mmoja wao.

Chipuseti, yaani chipu inayoratibu milango ya ubao, ni B850. X870 ingenipa USB4, USB ya kasi sana, ambayo sina cha kuchomeka humo. Nafasi za M.2, za kuchomeka SSD, ziko tatu, na za RAM ziko nne, ingawa nitaeleza kwa nini nne si nne.

Siku ya 9

Kasha: mbele ni wavu mtupu, vichujio vya vumbi vinavutwa nje bila kulaza mashine, feni za milimita 120 za kawaida ambazo zitapatikana hata baada ya miaka kumi. Kimo cha kipozeo kisizidi milimita 165. Halina kioo ubavuni. Sihitaji kuiangalia, ninahitaji ipumue.

Siku ya 12

Leo ni zamu ya pawa saplai, na lazima nianze na kisa cha aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilibadilisha pawa saplai kwenye kompyuta nyingine niliyokuwa nayo. Ya zamani na mpya zote zilikuwa za aina ambayo waya huchomolewa pande zote mbili. Waya za ile ya zamani zilikuwa zimeshapitishwa vizuri nyuma ya ubao, zimefungwa vizuri, nikaona uvivu kuzitoa. Nikachomeka ncha zake kwenye pawa saplai mpya. Plagi iliingia sawasawa, ikalia "tik" kama kawaida. Nikawasha. Feni zikageuka labda nusu mzunguko, kisha nikasikia harufu, ile harufu ya plastiki tamu inayouma puani. Diski mbili zimekufa papo hapo, mojawapo ikiwa na picha za miaka sita.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba ncha ya waya inayoingia kwenye diski ina kanuni moja duniani kote, ila ncha inayoingia kwenye pawa saplai haina. Kila mtengenezaji hupanga pini zake apendavyo, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Umbo la plagi linaweza kufanana kabisa, lakini mahali ambapo huyu ameweka volti 5, yule ameweka 12. Diski haiulizi, inapokea na kuungua.

Basi sasa hesabu. 7600 ikikamuliwa hunywa hadi wati 88. Kadi ninayoifikiria ni wati 220. Ubao, RAM, SSD na feni tuseme 60. Jumla ni kama wati 370. Mtu atasema pawa saplai ya 550 inatosha, na kwa leo hajakosea. Mimi nimechukua ya 850. Kwanza, kadi za kisasa hurukaruka: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinavuta umeme mwingi kupita kiwango kilichoandikwa, na nadhani hilo ndilo lililokuwa linamzimisha mzee wangu. Kanuni ya ATX 3.0 na 3.1 inadai pawa saplai ivumilie mruko wa hadi asilimia 200 ya uwezo wake kwa maikrosekunde 100. Pili, nikiwa naitumia chini ya nusu ya uwezo wake, joto ni kidogo na feni karibu haisikiki. Tatu, kadi ya mwaka 2031 siijui itakuwa na njaa kiasi gani.

Daraja la dhahabu la 80 PLUS linatosha. Daraja hilo hupima ufanisi, yaani umeme unaopotea kama joto. Halisemi chochote kuhusu kudumu. Kwa kudumu nimetazama waranti, ambayo ni miaka 10, na kapasita zilizopimwa kwa nyuzi 105 za Selsiasi. Mafundi wana kanuni yao kwamba kapasita yenye majimaji ndani ikipunguziwa joto kwa nyuzi 10, umri wake huongezeka karibu maradufu. Mzee wangu alikuwa na pawa saplai ya kapasita za nyuzi 85, ikiwa imebanwa chini ya kasha, ikivuta vumbi la miaka yote hiyo. Ukiangalia hivyo, alijitahidi.

Siku ya 15

RAM imenivuruga mpango. Nilikuwa nimekusudia GB 64 ili nisiguse tena. Lakini tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu zake kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Nimetazama tarakimu, nimefunga, nimetazama tena. Nimerudi kwenye GB 32.

Wazo lililofuata lilikuwa jepesi: ninunue vijiti viwili vya GB 16 sasa, viwili vingine bei ikishuka. Na hapa ndipo nne si nne. Kwa prosesa za Ryzen 7000, kiwango rasmi cha AMD ni kasi ya 5200 kwa vijiti viwili, lakini ukijaza nafasi zote nne kinashuka hadi 3600. Watu hupandisha zaidi ya hapo, wengine wanafanikiwa, ila mimi sitaki mashine ya kubembeleza. Kwa hiyo siku nikitaka GB 64, vijiti hivi viwili vitatoka na vingine viwili vikubwa vitaingia. Kwenye daftari RAM imehamia rasmi kwa wageni.

Nilichochagua ni RAM ya kizazi cha DDR5, kasi ya 6000, yenye CL30, yaani mizunguko 30 ya kusubiri. Ukitaka kulinganisha vijiti, usitazame kasi peke yake. Zidisha CL kwa 2000 kisha gawa kwa kasi, utapata nanosekunde za kusubiri. 30 mara 2000 gawa kwa 6000 ni 10. Kijiti cha 5200 chenye CL40 kinatoa zaidi ya 15. Kwenye gemu tofauti hiyo inaonekana hasa pale fremu zinapokwama, hata kama wastani wake haujabadilika sana.

Siku ya 17

Kadi ya michoro. Ni mgeni mkubwa kuliko wote, na ndiye nitakayembadilisha kwanza, labda mwaka wa tano.

Kioo changu ni cha pikseli 2560 kwa 1440. Hiyo ni pikseli milioni 3.7 kwa kila fremu, dhidi ya milioni 2.1 za kioo cha 1080 na milioni 8.3 za 4K. Nimefurahi kwamba sikununua 4K. Kioo cha 4K kinakulazimisha kununua kadi kubwa leo, na kubwa tena kesho, mpaka utakapochoka.

Nimejifungia kwenye sharti moja: GB 16 za kumbukumbu. Kadi ikipungukiwa na nguvu, unashusha vivuli, unashusha ukungu, maisha yanaendelea. Ikipungukiwa na kumbukumbu haishuki taratibu. Gemu linashtuka-shtuka, kuta zinabaki na rangi ya uji kwa sekunde kadhaa kabla ya picha yake kuja. Nimeishi na hilo kwenye GTX 970, ambayo katika GB zake 4 nusu GB ya mwisho ilikuwa ya mwendo wa kobe. Kwa hiyo RTX 5070 yenye GB 12 nimeiacha, ingawa ina nguvu. RTX 5060 Ti ya GB 16 nimeipima kwa muda mrefu: wati 180 tu, inapoa kirahisi. Ila njia yake ya kumbukumbu ni nyembamba, ya biti 128, na kwa kioo changu nimeona itazeeka mapema.

Nimeishia RX 9070, ya Machi 2025, GB 16, wati 220. Sitadanganya kwamba ni uamuzi usio na doa. Nvidia wana jambo moja kubwa kwa anayetafuta umri: DLSS yao ya kukuza picha iliboreshwa hata kwa kadi za RTX za 2018. Upande wa AMD, FSR 4, ambayo ni jibu lao kwa DLSS, ilitoka rasmi kwa kizazi hiki cha 9000, wenye kadi za nyuma wakabaki wanatazama. Mtu akiniambia hilo ndilo lililomfanya achague upande wa pili sitambishia.

Kilichopindua mizani ni plagi. Toleo nililochukua linatumia plagi mbili za kawaida za pini 8. Ile plagi ndogo ya pini 16, ambayo 2022 ilianza kuyeyuka kwenye baadhi ya kadi kubwa, imerekebishwa baadaye, na kwa wati 220 sidhani ingesumbua. Lakini baada ya kisa cha diski zangu, plagi ikinipa wasiwasi silali.

Siku ya 18

SSD: TB 2, M.2, ya TLC (chipu inayohifadhi biti tatu kwa kila seli). Waranti yake inahesabu TB 1,200 za kuandikwa. Nikiandika GB 50 kila siku bila kupumzika, nitazifikia baada ya miaka 65. Sijatumia zaidi ya nusu saa hapa. Zile za kasi zaidi, za PCIe 5.0, nimeziruka, kwenye kupakia gemu sijaona zinachookoa zaidi ya sekunde moja hivi, na zina joto.

Siku ya 20

Mdogo wangu amepita, akasoma daftari, akacheka.

"Kaka, miaka kumi yote hiyo halafu unapoza kwa feni? Weka ya maji bwana."

Nikamwambia ya maji ina pampu, na pampu ikifa unatupa kifaa kizima. Tena maji yake hupungua polepole kupitia mipira ya mabomba hata kama hakuna tone linalovuja. Kipozeo cha mnara ni alumini na mabomba ya shaba. Kinachoweza kufa ni feni, na feni nitaibadilisha kwa dakika mbili.

"Basi tumia ile iliyokuja kwenye boksi la prosesa."

Hapo alinishika. Ile ya boksi inatosha kwa 7600, kusema kweli. Inapiga kelele tu. Nimechukua mnara wa milimita 155, ambao utaifaa na X3D ya baadaye.

Siku ya 29

Vimekamilika vyote. Nimeanza saa mbili asubuhi, nimemaliza saa nane.

Sehemu iliyonitoa jasho ni soketi. Kwenye AM4 pini zilikuwa kwenye prosesa. Kwenye AM5 ziko kwenye ubao, 1,718, nyembamba kama manyoya ya nondo. Unainua wenzo, unafungua fremu, unashusha prosesa bila kuiburuza, pembetatu ndogo ya dhahabu ikitazamana na alama yake. Kifuniko cheusi cha plastiki usikitoe kwa vidole; unafunga fremu na kushusha wenzo, chenyewe kinaruka. Wenzo unagoma kidogo, unasukuma, unasikia mkwaruzo ambao ungeapa ni kitu kinavunjika. Hakijavunjika.

RAM imeingia nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Waya zote za pawa saplai zimetoka kwenye boksi lake lenyewe. Nimezihakiki mara mbili, kisha nikaamka kutoka kwenye kiti nikazihakiki tena.

Nimewasha. Feni zimezunguka. Kioo cheusi.

Nimesubiri nusu dakika. Cheusi. Taa ndogo ya njano kwenye ubao, upande wa RAM, imewaka na haizimi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Najua kabisa, nimesoma mara nyingi, kwamba ubao wa DDR5 ukiwashwa mara ya kwanza huipima RAM na kujifunza muda wake, na kwamba inaweza kuchukua dakika kadhaa bila picha yoyote. Kujua ni jambo moja. Kukaa mbele ya kioo cheusi na mashine uliyoifunga kwa mikono yako, moyo unadunda, ni jambo lingine. Nikainuka, nikaenda kunywa maji, nikarudi taratibu kwa makusudi.

Bayosi ilikuwa imeshafunguka, inanisubiri.

Siku ya 33

Siku nne za kuijaribu. Nimesasisha bayosi kabla ya jambo lolote, kisha nikawasha EXPO, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, ili RAM itoke kwenye kasi ya kuanzia na kufika 6000. Usiku mzima nimeiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikizunguka: makosa sifuri. Nasisitiza hatua hii kwa kuwa RAM yenye kosa dogo haitakuua leo. Itaharibu faili moja moja kwa mwaka mzima, nawe utakuwa unailaumu Windows.

Prosesa ikikamuliwa kwa nusu saa imefika nyuzijoto 74. Mita ya ukutani imesoma wati 345 gemu zito likiwa limeachwa huru. Kisha nimefunga fremu zisizidi 120 kwa sekunde na kuipunguzia kadi umeme kwa asilimia 10. Mita imeshuka hadi 260 hivi, na macho yangu hayajaona tofauti. Joto hilo lisilozalishwa ndilo naliona kama bima yangu ya kweli, kuliko ile karatasi ya waranti.

Kosa moja nimeligundua: feni ya nyuma nimeifunga ikitazama ndani. Ilikuwa inavuta hewa badala ya kuitoa, inapigana na mwenzake wa kwenye kipozeo. Nimeigeuza, zile nyuzi 74 zikawa 69. Miaka yote hii na bado sijui kusoma mshale.

Siku ya 41

Mzee amepata makazi mapya. Nimemfuta vumbi, nimemwekea pawa saplai mpya ndogo na Linux, na mdogo wangu amemchukua kwa ajili ya masomo na magemu yake ya zamani. GTX 970 imeondoka naye.

Waya zilizobaki za pawa saplai yangu, zile ambazo sikuzihitaji, nimezitia kwenye mfuko, nikaandika juu kwa kalamu nene: ZA HII 850 TU. Mfuko nimeuweka ndani ya kasha lenyewe, chini, nyuma ya bati, ili usitengane na mashine.

Jioni simu ikaita.

"Kaka, ile diski ya pili nataka kuiongeza, nimekosa waya wa umeme wa SATA. Si uliniambia una mfuko mzima umebaki? Nije nichukue mmoja?"

"Usije. Boksi la hiyo pawa saplai yako uliliweka wapi?"

"Lipo juu ya kabati."

"Ndani yake kuna kifuko cheusi. Nipigie picha kilichomo, na usichomeke kitu mpaka nikujibu."

Picha imekuja baada ya dakika tano. Waya ulikuwemo.